Nilipoomba Kondoo

Mwaka 2007 lori la kubebea ng'ombe wa mnada lilinishusha katika kijiji kimoja cha Simanjiro, upande wa Naberera, pamoja na godoro langu, jiko la mafuta, sanduku la vitabu na barua ya utambulisho kutoka dayosisi. Nilikuwa mwinjilisti wa miaka 29, Mchagga wa Old Moshi, mtoto wa nyumba ya Kilutheri ambayo sala ya jioni haikurukwa hata siku ya msiba. Mke wangu alinifuata baada ya wiki tatu. Wamaasai wa pale walituita Mwalimu na mama Mwalimu, kama wanavyowaita wainjilisti wote na wake zao. Walituonyesha nyumba ya bati karibu na kanisa la miti na udongo, wakatuachia ndoo mbili za maji. Nililala nikimshukuru Mungu kwamba nimepokelewa.

Kupokelewa kulikuwa kwa siku moja. Kuaminiwa kulichukua karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nabomoa kwa mkono mmoja kile nilichojenga kwa mwingine.

Wiki ya pili tu, jirani yetu, mke wa pili wa mzee ambaye boma lake lilitazamana na kanisa, alimtuma binti yake atuletee kibuyu cha maziwa. Mtoto alikuwa na miaka kama minane. Alifika mlangoni, akainamisha kichwa, akatulia hivyo hivyo. Sikujua kwamba anangoja nimguse utosini kwa kiganja, maana ndivyo mtoto wa Kimaasai anavyomwamkia mtu mzima. Nikamnyoshea mkono. Hakuushika. Nikapokea kibuyu, nikamimina maziwa kwenye kikombe, harufu ya moshi ikapanda, na juu ya maziwa nikaona chembe nyeusi zinaelea. Nikadhani yameingia uchafu. Nikasema asante, nikamrudishia kibuyu chake, na alipoondoka nikaenda nyuma ya nyumba nikayamwaga kwenye majivu.

Mtoto alikuwa amesahau kifuniko. Alirudi kukichukua, akanikuta kikombe kimeinama.

Mambo ya kibuyu kile niliyajua baadaye. Mama yule alikuwa ameamka alfajiri akachukua kijinga cha oloirien, yaani mzeituni mwitu, akakiingiza ndani ya kibuyu kikiwa bado kinafuka, akasugua kuta zake mpaka vipande vya kaa vikabaki humo. Moshi huo ndio unaotunza maziwa na kuyapa ladha, na chembe zile nyeusi ni alama kwamba kibuyu kina mwenyewe anayekijali. Wakati ule alikuwa anakamua ng'ombe wawili tu. Na kwa Mmasai, ng'ombe ametoka mkononi mwa Enkai, Mungu mwenyewe, kwa hiyo maziwa hayamwagwi ovyo kama maji ya kunawia. Hakuna aliyenigombeza. Salamu ziliendelea, tabasamu ziliendelea. Kibuyu hakikuja tena.

Miezi michache baadaye nikaletewa fomu. Zilitakiwa takwimu za eneo: kaya ngapi, watoto wangapi, mifugo mingapi. Nikapita boma kwa boma na kalamu yangu. Watoto wangapi, mzee? "Wapo." Ng'ombe je? "Kidogo tulichojaliwa." Mmasai hahesabu watoto wake wala ng'ombe wake hadharani, kwa sababu kuhesabu ni kuita balaa. Hilo ningeweza kulijua kwa kuuliza mtu mmoja tu kabla ya kuanza, na sikuuliza. Lakini palikuwa na sababu nyingine iliyokwenda ndani zaidi, ambayo nilieleweshwa na kijana mmoja aliyesoma hadi kidato cha nne.

Simanjiro imeshaona wageni wengi. Mbuga ya Tarangire, ambako mifugo iliwahi kunywa maji wakati wa kiangazi, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Wako watu waliohamishwa kutoka pori la akiba la Mkomazi mwaka 1988 wakaja kutafuta malisho kwa ndugu zao. Tanzanite iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967 imeleta maelfu ya watu, na mashamba makubwa yamekata njia za ng'ombe. Karibu kila mara, kabla ya hayo, alitangulia mtu mpole mwenye daftari. Akaandika, akashukuru, akaondoka. Kisha kikaja kigingi cha mpaka. Kijana yule aliniambia, "Mwalimu, wazee hawakuogopi wewe. Wanaogopa anayekuja nyuma yako."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye historia niliyofundishwa nikiwa mdogo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misioni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, mlimani Meru, walipokuwa wamefika tu kuanza kazi. Jirani na hapo ilikuwapo kambi ya kapteni wa Kijerumani na askari wake. Sisi tuliisikia habari hiyo kama habari ya mashahidi wa imani, na mashahidi walikuwa kweli, sipunguzi hata nukta. Lakini sikuwahi kujiuliza vijana wa Kimeru na wa Kiarusha waliowaua waliona nini usiku ule. Wageni wamefika pamoja na bunduki: nani angewatenganishia mchungaji na mwanajeshi? Na baada ya vifo vile Wajerumani walilipiza kisasi, watu wengi wa Meru na Arusha wakafa. Nikikumbuka hayo na kuitazama fomu yangu, mikono ilikuwa inaniishia nguvu. Niliirudisha ikiwa tupu, na nikaandika barua kueleza kwa nini.

Kanisani mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwenye mitaa mingi ya Umasaini: akina mama walijaa, wanaume walikaa chini ya mti nje, wanasikiliza kwa mbali wakijifanya wanaongea mengine. Akina mama wale waliimba mpaka shanga zao zikalia. Nilihubiri kwa Kiswahili, mzee wa kanisa akatafsiri, na nikaanza kujifunza Kimaasai neno kwa neno. Niliona fahari siku nilipoweza kusoma mwenyewe jina lililoandikwa kwenye Agano Jipya la Kimaasai: Osotua Ng'ejuk. Ng'ejuk ni mpya. Osotua, nikaambiwa, ni agano. Nikaandika pembeni, nikaendelea.

Jirani yangu mzee, wa rika la Makaa, hakuingia kanisani lakini alipenda mazungumzo nami. Kila nilipokwenda bomani kwake nilibeba sukari kilo moja au majani ya chai. Wakati mwingine nilimpa nauli kijana wake, au dawa ya macho kwa mama mzee. Nilifundishwa hivyo: mtumishi anatoa. Na yeye akitaka kunipa kitu, ngozi, au mguu wa mbuzi, nilikataa kwa adabu zote. Nilimwambia sitaki kuwalemea. Nilidhani huo ni unyenyekevu, na nilijisifu moyoni kwamba mimi si kama watumishi wanaoondoka vijijini na magunia.

Jioni moja alinitazama muda mrefu, akachora chini kwa fimbo, akasema, "Mwalimu, umeishi hapa mvua ngapi?"

Nikamwambia.

"Mbona hujawahi kuniomba kitu?"

Nikarudia maneno yangu ya kutolemea. Akanyamaza. Ng'ombe walikuwa wanaingia, vumbi limejaa mlangoni mwa boma. Alipozungumza tena alikuwa anaangalia ng'ombe, si mimi. "Basi sisi huna haja nasi."

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Nilimweleza mke wangu, nikitarajia anitetee. Aliendelea kuchambua maharage, halafu akasema, "Baba, hata mimi wamama wa hapa hawajanizoea. Kila wakija wananikuta ninacho. Nini cha kuzungumza na mtu aliye nacho?" Mke wangu alikuwa amekiona kitu ambacho mimi, pamoja na vitabu vyangu, sikukiona.

Halafu ukaja mwaka 2009. Aliyekuwa Umasaini mwaka huo hahitaji kuelezwa. Ukame uliotangulia kidogo mwaka 2008 uliendelea, Longido, Monduli, Ngorongoro, na kwetu Simanjiro. Ng'ombe waliinuliwa kwa kusukumwa na watu wanne asubuhi ili wasimame, wakasimama, wakaanguka tena saa nne. Barabara ya kwenda mnadani ilinuka mizoga. Vijana walihama na mifugo mbali, wengine hawakurudi na hata mmoja. Nimezika watu wengi katika utumishi wangu, lakini sijasahau kimya cha boma ambalo kengele za ng'ombe zimenyamaza.

Katikati ya hayo mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwenye zahanati, akarudi nyumbani dhaifu sana. Posho yangu ilikuwa haijaja miezi mitatu. Tulikuwa na unga, maharage na chumvi. Maziwa ya mama yalikuwa hayatoki vizuri, mtoto analia usiku kucha. Usiku wa nne nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikaomba. Niliomba Mungu alete posho. Na nikiwa naomba, nilikuwa naona moto wa boma la jirani yangu, hatua mia mbili hivi kutoka pale nilipokaa.

Asubuhi nilikwenda mikono mitupu, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nilikaa. Tuliamkiana, tukaulizana habari za mifugo, na habari zenyewe zilikuwa mbaya. Nilitaka kurudi na neno langu. Kumwomba mnyama mtu ambaye ng'ombe wake wanakufa mbele ya macho yake, niliona ni kama kumwomba maji mtu anayezima moto. Mwishowe nikasema, "Mzee, nina shida. Mke wangu amejifungua na hana nguvu. Naomba kondoo mmoja."

Sikumjua mzee yule kuwa mtu wa kucheka. Hakucheka sasa pia, lakini uso wake ulifunguka. Alimwita mkewe mkubwa, akamwambia kwa Kimaasai maneno mengi ambayo sikuyashika yote. Kisha akanigeukia. "Sasa," alisema, "sasa tuna osotua."

Nikamwambia neno hilo nalijua, ni agano. Akatikisa kichwa, akanyanyua shuka yake, akaweka kidole kitovuni. "Osotua ni hiki. Kamba ya mtoto na mama yake." Akanieleza pole pole, kama anavyoelezwa mtoto. Osotua haianzi kwa kutoa, inaanza kwa kuomba. Mtu mwenye shida ya kweli anakuja kwa heshima, anaomba kile anachohitaji tu, si zaidi. Anayeombwa anatoa anachoweza bila kuiangamiza nyumba yake. Hakuna hesabu. Deni ni kitu kingine, lina jina lake, na deni likilipwa watu wanaachana. Osotua hailipwi. Siku nyingine na yeye atapata shida, atakuja kwangu, na nitatazama nilicho nacho. "Wewe ulikuwa unatoa, unatoa," alisema. "Uliikata kamba kila siku."

Nilikuwa nimekishika kitabu kile mikononi kwa zaidi ya mwaka, jina lake kwa herufi kubwa juu ya jalada. Nilikuwa nimewahubiria watu wale Agano Jipya, na wao wakisikia Kitovu Kipya, kamba mpya kati ya Mungu mwenye kutoa na mtu mwenye shida. Wao walilielewa neno hilo kuliko mimi niliyelileta. Nilikaa pale nikalia mbele ya mzee, na hakunizuia wala hakunibembeleza.

Saa nane mchana nyumba yetu ilijaa akina mama. Kondoo alichinjwa, mafuta yake yakayeyushwa kwenye sufuria yetu, supu ikachemshwa pamoja na magome niliyoyaona kwa mara ya kwanza, kwa maana huko mzazi hulishwa mafuta ya kondoo mpaka arudi mwilini. Mimi nilitolewa nje. Nilisikia mke wangu akicheka humo ndani, sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa wiki nyingi. Na jioni akaja yule mke wa pili, mama wa kibuyu. Sijui maziwa aliyapata wapi mwaka ule. Alimimina kikombe, chembe nyeusi zikaelea, akampa mke wangu, kisha akamimina kingine akaniletea mimi pale nje.

Nilikunywa yote. Halafu nikamwambia habari ya majivu, kwa Kimaasai changu kibovu, nikamwomba msamaha.

"Mtoto aliniambia siku ile ile," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Tangu hapo mzee aliacha kuniita Mwalimu. Aliniita Paker, nami nikamwita Paker. Ndiyo desturi yao: waliopeana kondoo huitana hivyo, na waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng. Jina la mtu linawekwa kando, linabaki lile lililowaunganisha. Mwanzoni nilijisikia vigeni kuitwa kwa mnyama niliyemla. Baadaye nilijikuta nageuka haraka zaidi nikisikia Paker kuliko nikisikia jina langu la ubatizo.

Sitasema kila kitu kilinyooka. Niliombwa sana baada ya pale, na nilijifunza kusema "sina" bila aibu, jambo ambalo kwa mtumishi ni gumu kuliko kutoa. Wenzangu wengine walininung'unikia nilipokwenda na wazee chini ya oreteti, ule mtini mkubwa, kuomba mvua. Mimi niliomba kwa jina la Yesu, wao wakaomba kama walivyozoea, na nilijua ninasimama wapi. Pia yapo mambo ambayo urafiki haukuniruhusu kuyanyamazia. Ukeketaji ni mmojawapo. Sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na kila kijiji kinaijua sheria hiyo. Nilikuwa nimehubiri dhidi yake tangu mwaka wa kwanza, kwa sauti ya juu, na hakuna binti hata mmoja aliyepona kwa mahubiri yale. Baada ya mwaka 2009 akina mama walianza kuja kwa mke wangu usiku, mmoja mmoja, kuulizana naye. Sikuambiwa yaliyozungumzwa. Najua tu kwamba baadhi ya mabinti hawakupitishwa, na najua wengine walipitishwa, na hao wa pili ninawabeba katika sala hadi leo.

Huko kwetu Old Moshi, mmisionari wa Kijerumani Bruno Gutmann alifanya kazi miaka mingi, hadi 1938, akalijenga kanisa juu ya ukoo, ujirani na rika ambavyo Wachagga walikuwa navyo tayari. Nilipokuwa chuoni nilimchukulia kama somo la mtihani. Simanjiro ndiko nilikotamani ningekuwa nimemsoma kwa makini.

Watu huniuliza kama mzee alibatizwa. Wake zake wote wawili walibatizwa, na watoto wengi. Yeye hapana, mpaka tunahama mwaka 2013. Nilimwambia mara nyingi, wazi wazi, ninachoamini juu ya Kristo, naye alinisikiliza kwa heshima. Ninamwombea kila siku kwa jina. Lakini sikumfanyia urafiki kama mtu anayetega ndoano. Angelijua hilo siku ya kwanza, na mimi ningelijua pia.

Mwisho wa mwaka ule wa 2013, tukiwa tumeshahamia karibu na Moshi mjini, simu iliita kabla ya mapambazuko. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, nikajua amepanda kilimani kutafuta mtandao.

"Paker."

"Paker."

Tuliulizana mvua, watoto, ng'ombe. Kisha akasema, kwa adabu ile ile, "Nina shida." Binti yake amefaulu darasa la saba. Amepangiwa kidato cha kwanza huko kwetu. Likizo fupi hana pa kwenda, na akirudi bomani kila likizo kuna watu wa ukoo wanaotaka aolewe. Aliomba kitanda tu.

Nilitazama nilicho nacho. Mke wangu, aliyekuwa amesikia yote kwa kuwa mzee anaongea kwa sauti kwenye simu, alikuwa ameshaanza kusogeza magunia ya mahindi kwenye chumba cha nyuma.

Alifika Januari na sanduku la bati, amechomekea shati jeupe. Sikumtambua mpaka alipofika mlangoni akainamisha kichwa, akatulia hivyo hivyo. Nikaweka kiganja utosini kwake. Kwenye mfuko wa rambo alikuwa amebeba kibuyu, amekishika kwa mikono miwili kutoka Simanjiro, basi hadi basi. Mke wangu akaleta vikombe. Mtoto wetu, aliyekuwa na miaka minne, akachungulia cha kwake, akauliza hivi vyeusi ni nini.

"Oloirien," binti akamwambia. "Kunywa."